Vijana Wakabidhiwe Vitabu, Si Ufagio

Kila mwaka mwezi wa Novemba, mtihani wa Kidato cha Nne unapomalizika, hutokea katika nchi hii jambo ambalo, kwa kuwa limekwisha zoeleka, halimshtui mtu. Vijana zaidi ya nusu milioni, kama ilivyokuwa mwaka 2023 na tena mwaka 2024, huvua sare za shule na kuambiwa wakasubiri. Matokeo hutangazwa Januari. Wale wanaochaguliwa kuendelea na Kidato cha Tano huitwa shuleni mwezi wa Julai au karibu na hapo. Kati ya Novemba na Julai ipo miezi saba, na katika miezi hiyo hakuna shule, ofisi wala halmashauri yenye daftari la kuonyesha kijana huyo anafanya nini.

Mwenye wazazi wenye uwezo hupelekwa kwenye masomo ya kulipia. Msichana hugeuzwa mtumishi wa nyumbani kwao, au kwa shangazi yake mjini. Mvulana huonekana kijiweni, au juu ya pikipiki ambayo hana leseni ya kuiendesha. Wenzao wa Kidato cha Sita wanalo angalau Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo mwaka 2013 lilianza tena kuchukua wahitimu kwa mujibu wa sheria. Wa Kidato cha Nne hana chake.

Katika makao makuu mengi ya mikoa, si mbali na kijiwe hicho, ipo maktaba ya umma. Mtu akiingia humo saa nne asubuhi ataona vichwa vimeinama juu ya meza, naye atafurahi kwamba wananchi wanasoma. Akisogea karibu atagundua kwamba wengi wamekuja na madaftari yao wenyewe. Wanachotafuta ni kiti, meza, mwanga na utulivu, vitu ambavyo katika vyumba vya kupanga havipatikani. Vitabu vimesimama katika rafu nyuma ya migongo yao, na wengi huondoka jioni bila kugusa hata kimoja. Haifai kuwalaumu, maana mwenye mtihani ana haja yake. Lakini maktaba inayotumika kwa meza zake tu inafanana na zahanati ambayo watu huingia kujikinga na mvua.

Mambo hayo mawili, kijana asiye na kazi na kitabu kisicho na msomaji, yanatibika kwa pamoja. Dawa yenyewe ni kuwafungulia vijana wa miaka kumi na mitano hadi kumi na tisa mlango wa maktaba wafanye humo kazi ya kujitolea, kwa muda maalumu na chini ya uongozi wa wakutubi. Wazo hili si geni. Wakuu wa ofisi wengi watalikubali mara moja, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu jambo linalokubaliwa upesi hutekelezwa ovyo. Kijana atapokewa, ataonyeshwa ufagio na ndoo, na baada ya wiki mbili hataonekana tena. Kisha itaandikwa katika taarifa kwamba vijana wa siku hizi hawapendi kujitolea.

Historia ya nchi hii inatosha kuonya juu ya jambo hilo. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mwaka huo ulikuwa umeanza kwa Azimio la Arusha, na mwezi wa Machi ukaleta Elimu ya Kujitegemea, maandiko yaliyolalamika, pamoja na mengine, kwamba shule zilikuwa zikiwafundisha watoto kudhani elimu yote imo vitabuni na kwamba mzee asiyekwenda shule hana la kumfundisha mtu. Huenda ikaonekana ajabu kwamba mwaka uleule uliokemea kuabudu vitabu ndio uliowafungulia wananchi jumba la vitabu. Ajabu hiyo hutoweka mtu akikumbuka kwamba kabla ya hapo kitabu kilikuwa mali ya wachache, nacho ndicho kilichowapa kiburi.

Elimu ya Kujitegemea ilitaka mwanafunzi afanye kazi yenye maana, ashiriki kuipanga, na aone matunda yake. Walimu waliokuwa madarasani katika miongo iliyofuata wanajua ilivyokuwa katika shule nyingi. Kazi ilibaki, maana yake ikaondoka. Shamba la shule likawa mahali pa kupeleka wachelewaji. Kufyeka nyasi kukawa adhabu, na mtoto aliyefyeka nyasi kwa miaka saba alimaliza shule akiwa na chuki na fyekeo na bila elimu yoyote ya kilimo. Wazo halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la watu wazima walioona ni rahisi zaidi kumtumikisha mtoto kuliko kumwamini.

Neno lenyewe, kujitolea, nalo limepata madoa. Lilipokuwa jipya lilimaanisha wananchi kuchimba msingi wa shule yao kwa majembe yao. Baadaye katika sehemu nyingine likaja kumaanisha mchango ambao asiyetoa hunyang'anywa kuku. Na katika miaka hii ya karibuni wapo walimu wenye stashahada na shahada waliofundisha kwa kujitolea mwaka baada ya mwaka wakingojea ajira, wakishika vipindi vilevile na kusahihisha madaftari yaleyale kama wenzao wenye mishahara. Mtumishi wa serikali anayesoma haya huenda anaye mmoja wao nyumbani kwake. Basi asishangae kijana akiulizwa kama atapenda kujitolea naye akanyamaza kwanza.

Hata hivyo lipo somo jingine katika historia hiyohiyo, nalo ni la kutia moyo. Mwaka 1967 watu wazima wapatao asilimia 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwezi wa Agosti 1975 mamilioni ya watu walifanya mtihani wa taifa wa kisomo, na kufika mwaka 1986 wasiojua kusoma walihesabiwa kuwa chini ya asilimia kumi. Kazi hiyo haikufanywa na walimu wenye vyeti peke yao, kwani walimu wa namna hiyo hawakutosha hata kwa watoto. Madarasa mengi ya kisomo yaliongozwa na walimu wa kujitolea, na miongoni mwao walikuwamo vijana waliomaliza shule ya msingi tu. Kisha Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto aingie shule ifikapo 1977, vijana wa darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafunzwa kwa muda mfupi huku wakifundisha, wakakabidhiwa madarasa.

Wapo watakaocheka hapo, maana jina la mwalimu wa UPE liligeuka kuwa mzaha. Kicheko hicho kina haki kwa sehemu, kwa kuwa vijana wale walipewa mzigo mkubwa kuliko mafunzo yao. Lakini waliubeba, na wengi wa wanaocheka walifundishwa na wao kuandika majina yao. Taifa lililowahi kumkabidhi kijana wa darasa la saba chaki na ubao litapata shida kueleza kwa nini leo wa Kidato cha Nne asiaminiwe na rafu ya vitabu.

Kilichotokea baada ya ushindi ule wa kisomo pia kinahusika. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma na kuandika. Sababu ni nyingi, na za uchumi ndizo kubwa. Mojawapo inaihusu maktaba moja kwa moja: mtu aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, herufi humtoka kama lugha ya ugenini isiyozungumzwa. Vitabu vya maktaba za vijiji vilichakaa na vipya havikufuata. Kujua kusoma kunahitaji kulishwa kila siku, na kazi ya kulisha ndiyo ya maktaba.

Sasa, ni kazi gani apewe kijana? Kwanza ni rafu zenyewe. Vitabu vya maktaba hupangwa kwa namba, kwa utaratibu uliobuniwa na Mmarekani Melvil Dewey na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1876. Elimu zote zimegawanywa katika mafungu kumi: dini katika 200, sayansi katika 500, tiba, kilimo na ufundi katika 600, fasihi katika 800, na kadhalika. Kitabu cha kilimo cha kahawa hupewa 633.73, na jirani yake wa chai 633.72. Mkono wenye haraka ukikirudisha kile cha kahawa kwenye 683, miongoni mwa vitabu vya vitasa na vyombo vya nyumbani, kitabu hicho kimepotea sawasawa na kilichoibwa. Orodha itasema kipo. Mkutubi atasema kipo. Mkulima aliyetoka mbali kukitafuta atarudi mikono mitupu, na mwaka ujao hatakuja.

Dawa ya upotevu huo ni mtu kusimama mbele ya rafu na kusoma namba za migongo ya vitabu, moja baada ya nyingine, akitoa kilichopotea njia na kukirudisha kwao. Ni kazi inayotaka macho mazuri, uvumilivu na saa mbili za asubuhi. Wakutubi wachache wenye foleni ya waazimaji mbele yao hawana saa hizo. Kijana anazo. Tena kazi hiyo inamfundisha bila yeye kujua. Katika wiki ya kwanza anaona namba tu. Katika wiki ya pili anajua kwamba elimu ina ramani, na kwamba somo lake la shule lililompa alama mbaya lina vitabu hamsini ambavyo hakuwahi kuambiwa. Akifika 896.392, ambapo ndipo mahali pa fasihi ya Kiswahili, atamkuta Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki 1962, mtu aliyekuwa karani wa forodha wa serikali ya kikoloni na aliyeandika baada ya saa za kazi. Kijana huyo alimsoma kwa ajili ya mtihani. Sasa ana nafasi ya kumsoma kwa ajili yake mwenyewe, na makarani wa leo nao wangefaidika wakifanya hivyo.

Kazi ya pili ni kubwa kuliko zote, nayo ni kuwasikiliza watoto wakisoma. Mwalimu yeyote wa darasa la kwanza na la pili anaijua hesabu hii kwa uchungu. Darasa likiwa na watoto 90 na kipindi kikiwa cha dakika 30, hata mwalimu akikitumia chote kusikiliza, bila kuandika ubaoni na bila kumnyamazisha mtu, kila mtoto atapata sekunde 20. Katika sekunde 20 mtoto anayeanza kusoma hamalizi sentensi mbili. Wapo watoto wanaofika darasa la nne ambao hakuna mtu mzima aliyewahi kuwasikia wakisoma ukurasa mzima. Wanakariri, wanaitikia pamoja na wenzao, na udhaifu wao unafichwa na kelele za darasa.

Maktaba yenye kona ya watoto na vijana watano wa kujitolea ingeweza kufanya Jumamosi moja jambo ambalo shule haiwezi kulifanya kwa mwezi. Kijana huketi na mtoto mmoja kwa dakika kumi. Mtoto anasoma, kijana anasikiliza, neno likigoma wanalivunja silabi pamoja. Kwa saa mbili kijana mmoja amesikiliza watoto 12, na watano wamesikiliza 60. Haihitajiki shahada kwa hilo. Linahitajika sikio na upole, na mara nyingi kijana wa miaka kumi na saba anavyo vyote viwili zaidi ya mtu mzima aliyechoka. Mtoto naye humwogopa kidogo. Humwona kama kaka au dada, na hathubutu kukataa kusoma mbele ya mtu ambaye angependa kuwa kama yeye. Baada ya hapo kijana asome hadithi kwa sauti, watoto wote wakae chini wamsikilize, kama walivyokaa mabibi na babu zao mbele ya moto.

Kazi nyingine zinajulikana na hazihitaji maneno mengi. Vitabu vilivyochanika vinataka gundi, uzi na karatasi ngumu. Wasioona wanataka mtu wa kuwasomea gazeti. Boksi la vitabu linaweza kupelekwa shule ya msingi ya jirani na kurudishwa baada ya wiki mbili, kama huduma za maktaba zilivyowahi kupeleka vitabu vijijini kwa posta na kwa gari katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Na mahali penye kompyuta, wazee wengi wanaohangaika na fomu za serikali ambazo siku hizi hujazwa kwa mtandao wangeshukuru kumpata kijana wa kuwaelekeza, badala ya kumlipa mwenye duka kwa kila ukurasa.

Zitatolewa hoja za kupinga. Itasemwa kwamba vitabu vitaibwa. Vitabu vinaibwa hata sasa, na anayeviiba mara nyingi ni yule ambaye hakuna anayemjua jina. Kijana aliyepewa rafu yake, jina lake likabandikwa pembeni mwa rafu hiyo, ataona haya kitabu kikipungua. Itasemwa pia kwamba watumishi watanyang'anywa kazi. Hoja hiyo ni nzito, na inastahili kujibiwa kwa utaratibu ulioandikwa kuliko kwa ahadi. Kijana asiwekwe mahali pa mtumishi. Asishike fedha za ada, asiachiwe ofisi peke yake, na nafasi ya mkutubi ikiwa wazi ijazwe na mkutubi aliyesomea. Halmashauri itakayotumia vijana hawa kuficha upungufu wa watumishi itakuwa imefanya lilelile lililofanywa na shamba la shule.

Sheria inasaidia hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, nayo inamruhusu kufanya kazi nyepesi tangu umri wa miaka 14, mradi isidhuru afya wala makuzi yake na isimzuie kuhudhuria shule. Kazi ya usiku, tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili asubuhi, imekatazwa. Saa mbili au tatu za mchana, siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, hazivuki mpaka wowote wa sheria hiyo. Kwa wasichana iongezwe tahadhari moja ya wazi, ambayo wazazi wataiuliza hata wasipoitamka: wafanye kazi mahali penye watu, wakiwa zaidi ya mmoja, na awepo mtumishi mwanamke wa kumwendea.

Kisha kuna nauli. Jambo hili litaonekana dogo kwa anayekwenda kazini kwa gari la ofisi, lakini huenda ndilo litakaloamua yote. Mwanafunzi mwenye sare hupanda daladala kwa nauli ya mwanafunzi. Siku anapoivua sare, kondakta humtoza nauli ya mtu mzima, ingawa mfuko wake ni uleule. Kijana anayekaa pembezoni mwa mji hawezi kulipa nauli hiyo mara sita kwa wiki kwa kazi isiyo na malipo. Nauli isipotolewa, maktaba itapata watoto wa waliojenga karibu na mjini, yaani watoto ambao tayari wana vitabu nyumbani. Fedha zenyewe si nyingi. Posho za kikao kimoja cha kamati zingewasafirisha vijana kumi kwa wiki nyingi, na hakuna asiyelijua hilo miongoni mwa wanaohudhuria vikao.

Mafunzo yawe ya wiki moja, na yasiwe ya hotuba. Siku ya kwanza kijana aonyeshwe kitabu kinavyosafiri tangu kinapoingia maktaba hadi kinapofika mkononi mwa msomaji. Siku ya pili na ya tatu apange rafu, mkutubi akikosoa. Mbili zilizobaki ajifunze kumsikiliza mtoto akisoma bila kumdakiza. Wanachuo wa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka cha Bagamoyo wanaokwenda mikoani kwa mazoezi wangefaa kuwa waalimu wao, na wao wenyewe wangejifunza. Mwisho wa miezi mitatu kijana apewe barua yenye kueleza alichokifanya, kwa saa na kwa rafu. Barua isemayo tu kwamba fulani ni mtiifu na mwenye nidhamu haina thamani, kwani kila mtu anayo.

Kazi ya kuanzisha utaratibu huu haihitaji sheria mpya wala mfadhili. Inamhitaji mkutubi wa mkoa akae na ofisa elimu pamoja na wakuu wa shule tatu au nne za jirani, wakubaliane idadi ndogo, ishirini kwa kuanzia, na waandike majina. Wanaofanya mtihani hutawanyika siku ileile wanapomaliza karatasi ya mwisho, wengine hupanda basi jioni hiyohiyo kwenda kwa ndugu, na baada ya hapo hakuna anayejua waliko. Kwa hiyo majina hayo yaandikwe wakiwa bado madarasani, na barua ya mkutubi iwe imefika mezani kwa mkuu wa shule kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha.